Maji ya pampu yanatoka mekundu: jinsi ya kujua kutu inatoka wapi na la kufanya

Katika makazi mengi ya wakimbizi nchini Uganda, na katika vijiji vya wenyeji vinavyoyazunguka, watu wanalalamikia jambo moja: maji ya pampu ya mkono yanatoka yakiwa na rangi ya kutu. Chai inakuwa nyeusi. Shati jeupe la mtoto wa shule linageuka kahawia. Maji yana ladha ya msumari. Mwishowe watu wanaiacha pampu na kurudi kuchota mtoni, kwenye bwawa au ziwani, kwa sababu huko maji yanaonekana meupe.

Ukikumbuka jambo moja tu katika makala hii, kumbuka hili: rangi ya maji haikuambii kama maji ni salama. Maji yenye kutu yanachukiza, lakini mara nyingi hayaleti ugonjwa. Maji ya mto au ya ziwa yanaweza kung'aa kama kioo na bado yakabeba kipindupindu. Mwanzoni mwa mwaka 2018 kipindupindu kilizuka katika wilaya ya Hoima, miongoni mwa watu waliokuwa wamevuka Ziwa Albert kutoka Kongo na jamii za kando ya ziwa. Makumi ya watu walikufa. Kwa hiyo kabla ya kuiacha pampu yenu, jua kwanza tatizo ni nini.

Makala hii inaeleza jinsi ya kupima maji kwa chupa nne tu, jinsi ya kuyasafisha nyumbani, na jinsi ya kutoa taarifa ili pampu itengenezwe vizuri badala ya kutengenezwa kila mwaka.

Rangi nyekundu au kahawia inatoka wapi?

Kuna sababu nne kuu. Kila moja ina dawa yake, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

1. Mabomba ya pampu yenyewe yanaoza. Pampu nyingi za mkono nchini Uganda ni za aina ya U2 au U3. Ndani ya kisima, chini ya kichwa cha pampu, kuna mabomba marefu yanayopandisha maji na fito za chuma zinazovuta. Katika pampu nyingi za zamani mabomba hayo ni ya GI, yaani chuma kilichopakwa zinki. Maji ya ardhini yakiwa na uchachu (mafundi husema pH iko chini), yanaila zinki kwanza, kisha yanakula chuma. Kutu hiyo ndiyo unayoiona kwenye jerikeni.

2. Chuma kiko ardhini. Katika sehemu nyingine, hasa mabondeni na karibu na vinamasi, maji yanapita kwenye udongo na mawe yenye chuma. Chini ardhini hakuna hewa, kwa hiyo chuma kinayeyuka na hakionekani. Maji yakifika juu na kukutana na hewa, chuma kinageuka kuwa kutu.

3. Vijidudu vinavyokula chuma. Hivi vinaishi ndani ya kisima na kutengeneza ute wa rangi ya machungwa au kahawia. Kwa kawaida havimuugulishi mtu, lakini vinaziba kisima na kuleta harufu mbaya.

4. Si kutu kabisa, ni udongo. Maji ya mvua yanaingia kisimani kupitia ufa kwenye zege, au kisima hakikuzibwa vizuri. Hii ndiyo sababu ya hatari kuliko zote, kwa sababu palipopita udongo, kinyesi nacho kinaweza kupita.

Jaribio la chupa nne

Huhitaji maabara kwa hatua ya kwanza. Tafuta chupa nne za plastiki zinazoonyesha ndani, kama za maji ya kunywa au soda. Zioshe vizuri na uzitoe karatasi. Andika namba 1 hadi 4. Kisha panga na mlinzi wa pampu au kamati ya maji mfanye hivi siku moja:

- Chupa ya 1: jaza asubuhi na mapema, maji ya kwanza kabisa kutoka kwenye pampu iliyolala usiku kucha.
- Chupa ya 2: jaza baada ya jerikeni ya kumi ya lita 20.
- Chupa ya 3: jaza baada ya jerikeni ya thelathini.
- Chupa ya 4: jaza mchana, baada ya pampu kutumika saa nyingi bila kupumzika.

Hakuna maji yanayopotea. Foleni ya asubuhi inaendelea kama kawaida, na wewe unachukua nusu lita tu kila mara. Funga kila chupa, iangalie papo hapo, kisha fungua vifuniko ili hewa iingie, na uziache kivulini, mbali na watoto, hadi kesho yake. Maji hayo ya kupima yasinywewe.

Kwa nini kuhesabu jerikeni? Kwa sababu maji ya kwanza ya asubuhi ni yale yaliyolala ndani ya bomba. Bomba la U2 linabeba takriban lita 1 kwa kila mita. Kama mabomba yanashuka mita 40, kuna kama lita 40 zilizolala humo, sawa na jerikeni mbili. Bomba la U3 ni nene zaidi, kwa hiyo urefu huo huo unaweza kubeba jerikeni saba. Ukifika jerikeni ya kumi, umekwisha kutoa maji yaliyolala ndani ya bomba. Bado kuna maji yaliyolala kisimani yakiwa yanagusa mabomba kwa nje, ndiyo maana tunaendelea hadi jerikeni ya thelathini na hadi mchana.

Jinsi ya kusoma chupa zako

*Chupa ya 1 ni nyekundu au kahawia, ya 2 imepungua, ya 3 na ya 4 ni safi au karibu safi.* Mabomba ya pampu yanaoza. Maji ya ardhini yenyewe hayana shida kubwa ya chuma. Kadiri pampu inavyolala muda mrefu, ndivyo maji ya kwanza yanavyozidi kuwa meusi. Pampu iliyofungwa wiki nzima itatoa maji mabaya kuliko iliyolala usiku mmoja.

*Chupa zote nne zilikuwa safi ulipozijaza, lakini kesho yake zote zina rangi ya machungwa na unga mwekundu chini.* Chuma kiko ardhini. Kubadilisha mabomba peke yake hakutaondoa tatizo hili.

*Chupa ya 1 ni mbaya zaidi, lakini hata ya 4 bado ina rangi.* Huenda mambo mawili yapo pamoja: mabomba yanaoza na ardhi nayo ina chuma. Hapa panahitajika kipimo cha maabara au cha kifaa cha mkononi. Ofisi ya maji ya wilaya na mashirika yanayoshughulikia maji katika makazi wana njia ya kupima.

*Kuna ute unaoteleza kwenye mdomo wa pampu au ndani ya jerikeni, harufu ya kinamasi, na utando unaong'aa juu ya maji kama mafuta.* Huenda ni vijidudu vya chuma. Gusa utando huo kwa kijiti. Ukivunjika vipande vipande na vipande visiungane, mara nyingi ni vijidudu. Ukijikunja na kuungana tena, huenda ni mafuta ya gari au ya mashine yaliyoingia kisimani. Kama ni mafuta, msinywe maji hayo, na mtoe taarifa siku hiyo hiyo.

*Maji yanakuwa ya kahawia baada ya mvua kubwa tu, na jua likiwaka siku kadhaa yanarudi kuwa safi.* Huo ni udongo. Angalia sakafu ya zege: ina ufa? Maji yaliyomwagika yanasimama kuzunguka pampu? Kuna choo, zizi la mifugo au shimo la takataka upande wa juu wa mteremko? Msinywe maji hayo bila kuyachemsha au kuyatia klorini, hata yakishatulia na kuwa meupe.

Je, maji yenye kutu yanaweza kuniua?

Chuma kinachopatikana kwa kawaida kwenye maji ya kisima hakisababishi kuhara wala kipindupindu. Shirika la Afya Duniani (WHO) halijaweka kiwango cha juu cha chuma kwenye maji kwa sababu ya afya. Linachosema ni kwamba chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita, kinaanza kuchafua nguo na vyombo, na watu wanaweza kuanza kuona tofauti ya ladha.

Lakini kuna mambo matatu ya kuelewa.

Kwanza, kutu haiondoi vijidudu vingine. Maji yanaweza kuwa na kutu na kuwa na vijidudu vya kuhara kwa wakati mmoja, hasa jerikeni ikiwa chafu. Bado unahitaji kuyatibu maji ya kunywa.

Pili, maji yenye kutu si dawa ya upungufu wa damu. Mama mjamzito aliyepewa vidonge vya madini ya chuma kliniki aendelee kuvimeza kama alivyoambiwa. Na mtu ambaye daktari amemkataza kuongeza chuma mwilini amwonyeshe daktari chupa ya maji hayo na kumuuliza.

Tatu, kutu ni onyo. Bomba linalotoa kutu leo ni bomba linalotoboka kesho. Tutaeleza hapa chini.

Nyumbani: jinsi ya kuyasafisha maji yenye kutu

Fuata hatua hizi kwa mpangilio huu. Ukizigeuza, hazifanyi kazi.

1. Chagua maji. Kama jaribio limeonyesha kwamba mabomba ndiyo yanayooza, maji ya kwanza ya asubuhi yatumike kumwagilia bustani, kuosha sakafu au kufyatua matofali. Ya kunywa yachotwe baadaye. Hapa kuna jambo la haki: aliyeamka saa kumi usiku ili awe wa kwanza asiadhibiwe kwa kupewa maji mabaya. Kamati nyingi zinaweza kukubaliana kwamba anayevuta jerikeni za kwanza anazimwaga bustanini, kisha anajaza tena kabla ya anayemfuata. Mkubaliane mbele ya watu wote, wakimbizi na wenyeji, ili pasiwe na ugomvi kwenye foleni.

2. Yape hewa. Mimina maji kutoka ndoo moja hadi nyingine, ukiinua ndoo juu ili maji yaanguke na kutoa povu. Rudia mara kumi hivi. Hewa ndiyo inayokigeuza chuma kilichoyeyuka kuwa kutu inayoonekana.

3. Yaache yatulie. Funika ndoo na uiache usiku kucha. Maji yenye uchachu huchukua muda mrefu zaidi kutoa kutu yake, kwa hiyo usiharakishe. Asubuhi utaona unga mwekundu umekaa chini. Mimina taratibu maji ya juu, na uache ya chini yenye unga.

4. Chuja. Kwa kutu kidogo, kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne kinatosha. Kwa kutu nyingi, tengeneza kichujio cha mchanga: chukua ndoo ya plastiki, toboa matundu madogo chini, weka kitambaa, kisha kokoto ndogo zilizooshwa kama sentimita 5, halafu mchanga uliooshwa mpaka maji yake yawe safi, kama sentimita 20 hadi 25. Weka ndoo hiyo juu ya ndoo nyingine safi na umimine maji polepole. Maji yakianza kupita kwa shida, toa mchanga wa juu kama sentimita 2, uuoshe na uurudishe. Kichujio hiki kinaondoa kutu. Hakiondoi vijidudu vyote vya magonjwa.

5. Sasa tibu. Chemsha mpaka yatokote vizuri, au tia klorini kama maelekezo ya pakiti yanavyosema. Vidonge vina nguvu tofauti: kimoja ni cha lita 5, kingine cha lita 20. Soma pakiti kila mara, hasa mkipewa aina mpya. Subiri dakika 30.

Kwa nini klorini iwe ya mwisho? Kwa sababu chuma kinakula klorini. Ukiweka kidonge kwenye maji yenye kutu, klorini inamalizwa na kutu kabla ya kufika kwa vijidudu. Utaona maji yakizidi kuwa mekundu na kufikiri dawa imeharibika. Dawa haijaharibika, imetumika mahali pasipostahili. Baada ya dakika 30, nusa maji. Yakiwa na harufu kidogo ya klorini, dawa bado imo na inayalinda. Yasipokuwa na harufu yoyote, rudia kuyachuja kwa makini, kisha tia dawa upya.

6. Hifadhi vizuri. Weka maji ya kunywa kwenye chombo chenye mdomo mwembamba au chenye bomba, na kifuniko. Jerikeni iliyoshika rangi ya machungwa ndani ioshwe kwa sabuni, maji na kokoto ndogo safi: tikisa kwa nguvu, mwaga, suuza mara mbili. Usitumie maji ya betri wala tindikali yoyote kuosha chombo cha maji ya kunywa.

Na nguo? Usitie Jik au dawa nyingine ya klorini kwenye nguo yenye madoa ya kutu. Inayashikiza madoa badala ya kuyaondoa. Paka maji ya limau na chumvi kwenye doa, anika juani, kisha suuza kwa maji safi. Nguo nyeupe zifuliwe kwa maji ya mvua au yaliyochujwa.

Kama una kisima kifupi chako mwenyewe

Baadhi ya wenyeji, na baadhi ya wakimbizi waliokaa muda mrefu, wana kisima kifupi nyumbani: bomba lililopigwa ardhini au kisima kilichochimbwa kwa mkono. Jaribio la chupa nne linafaa hapa pia, ila kwa kisima kifupi unahitaji kutoa maji machache zaidi. Jaza chupa ya 2 baada ya jerikeni ya tatu, na ya 3 baada ya jerikeni ya kumi.

Kabla ya kulaumu ardhi, angalia vitu vidogo: ndoo ya bati iliyooza, mnyororo wa chuma unaolala ndani ya maji, kifuniko cha bati kinachodondosha kutu. Badilisha ndoo iwe ya plastiki na kamba ya nailoni, kisha pima tena baada ya wiki moja.

Kumbuka kwamba kisima kifupi kinachafuliwa kirahisi kuliko kisima kirefu, kwa sababu maji ya juu hayana safari ndefu ya kuchujwa na udongo. Hata kutu ikiisha, maji yake ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini kila siku.

Kwa nini utoe taarifa wakati pampu bado inafanya kazi

Watu wengi wanasubiri pampu ife ndipo waite fundi. Kwa pampu yenye kutu, kusubiri kunagharimu sana. Mabomba ya chini yanaunganishwa kwa skrubu, na kutu hupenda kula mahali pa kuunganishia. Siku moja kiungo kinakatika, na mabomba yanaanguka chini ya kisima pamoja na silinda. Yakishindikana kuvuliwa, kisima kizima kimekwisha, na kuchimba kingine ni gharama kubwa sana kuliko kubadilisha mabomba.

Angalia dalili hizi. Zikionekana pamoja na kutu, msisubiri:

- Mnavuta mpini mara nyingi zaidi kuliko zamani kabla maji hayajatoka.
- Maji yanatoka machache ingawa mpini si mzito.
- Mpini umekuwa mwepesi ghafla na maji hayatoki kabisa. Huenda fito imekatika.
- Vipande vya kutu, kama maganda, vinatoka na maji.

Nani apewe taarifa?

Anza na kamati ya maji ya pampu yenu au mlinzi wake. Kama pampu iko ndani ya makazi, mwambie pia kiongozi wa wakimbizi (RWC1) na shirika linaloshughulikia maji katika eneo lenu. Kama iko upande wa wenyeji, mwambie mwenyekiti wa LC1, ambaye atafikisha kwa ofisi ya maji ya wilaya. Mkimbizi asipopata jibu anaweza kupiga simu ya bure ya FRRM, 0800 323 232, au kufika kwenye dawati la malalamiko la UNHCR au la Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) katika makazi.

Taarifa nzuri inamfanya fundi aje na vifaa sahihi. Taja mambo haya:

- Mahali pampu ilipo: makazi, zoni, kijiji.
- Namba ya kisima iliyoandikwa kwenye zege. Mara nyingi huanza na herufi DWD.
- Aina ya pampu, kama mnaijua.
- Matokeo ya chupa nne.
- Tatizo lilianza lini, na pampu ilitengenezwa mara ya mwisho lini.
- Watu wangapi wanaitegemea, na kama wameanza kuchota mahali pengine.

Mfano: *"Pampu ya kijiji chetu, namba iko kwenye zege, inatoa maji mekundu tangu mwezi wa pili. Asubuhi yanatoka mekundu sana, baada ya jerikeni thelathini yanakuwa safi. Sasa tunavuta mara ishirini kabla maji hayajatoka, zamani ilikuwa mara tano. Mabomba yalibadilishwa mwaka juzi. Familia nyingi zimerudi kuchota bondeni. Tunaomba fundi aje kupima pH na kukagua mabomba."*

Ukiweza, mpe fundi chupa zenyewe. Chupa nne zilizopangwa mezani zinamwonyesha mambo ambayo maneno matupu hayawezi.

Maswali ya kumuuliza fundi

Kamati ina haki ya kuuliza, kwa sababu fedha za matengenezo zinatoka kwenye michango yenu au zimetolewa kwa ajili yenu.

"Umepima pH ya maji?" Maji yenye pH chini ya 6.5 yanakula mabomba ya GI kwa urahisi. Kipimo hiki ni cha haraka na hufanyika papo hapo kisimani.

"Mabomba mapya ni ya aina gani?" Hili ndilo swali kubwa. Kama maji yana uchachu na fundi anarudisha mabomba mapya ya GI, maji yatakuwa safi miezi michache, kisha kutu itarudi na mtachangishwa tena. Mwaka 2016 Wizara ya Maji na Mazingira ya Uganda ilisimamisha matumizi ya mabomba ya GI kwenye pampu za mkono kwa sababu hii. Badala yake kuna mabomba ya chuma kisichoshika kutu na mabomba ya plastiki ngumu. Ni ghali zaidi kununua, lakini ni nafuu kuliko kununua mabomba ya GI mara tatu.

"Tunaweza kuyakagua kabla hayajashuka kisimani?" Tafuta sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyoharibika. GI inashikwa na sumaku kwa nguvu. Chuma kisichoshika kutu cha aina inayotumika kwenye pampu kwa kawaida hakishikwi, au kinashikwa kidogo sana. Jaribio hili halithibitishi ubora wote, lakini linaweza kumfichua anayewauzia GI kwa bei ya chuma kisichoshika kutu.

"Mabomba ya zamani yanakwenda wapi?" Yahesabiwe mbele ya kamati na kuandikwa kwenye daftari. Mabomba yaliyooza yasirudishwe kisimani wala kupelekwa kwenye pampu ya kijiji kingine.

"Kisima kitatiwa klorini baada ya kazi?" Mabomba yaliyolazwa chini kwenye majani yanarudi kisimani na uchafu. Baada ya matengenezo fundi anapaswa kutia klorini, kuiacha ifanye kazi, kisha kuvuta maji mpaka harufu kali iishe. Hata vijidudu vya chuma hutibiwa hivyo, na wakati mwingine dawa hurudiwa. Kazi hii ni ya fundi. Mtu yeyote asifungue pampu na kumwaga Jik ndani kwa kukisia.

Kama jaribio limeonyesha kwamba chuma kiko ardhini, mabomba mapya hayatoshi. Ulizeni kama inawezekana kujenga kichujio cha kuondoa chuma karibu na pampu, au kama kuna kisima kingine chenye maji bora ambacho bomba linaweza kuletwa kutoka kwake. Wakati mnasubiri, endeleeni na hatua sita za nyumbani.

Kwa ufupi

- Usiiache pampu yenye kutu ukaenda kunywa maji ya mto, bwawa au ziwa kwa sababu tu ni meupe.
- Pima kwa chupa nne: jerikeni ya kwanza, ya kumi, ya thelathini, na mchana.
- Kutu inayoisha baada ya kuvuta inatoka kwenye mabomba. Maji safi yanayogeuka machungwa yakikaa yana chuma cha ardhini. Kahawia baada ya mvua ni udongo, na ni hatari zaidi.
- Nyumbani: yape hewa, yatulie, chuja, halafu ndipo utibu kwa kuchemsha au klorini.
- Toa taarifa kabla pampu haijafa, na msikubali mabomba ya GI yarudishwe kwenye maji yenye uchachu.

Wasomee majirani wasiojua kusoma makala hii, na ipeleke kwenye mkutano ujao wa kamati ya maji. Pampu moja inanywesha familia nyingi, na ni rahisi kuiokoa leo kuliko kuchimba kisima kingine baadaye.